Swali la Kumi na Saba

Miaka ishirini na miwili nimetambaa juu ya dari za Dodoma:
Nkuhungu, Veyula, Chang'ombe, hadi Ihumwa
ambako popo walihamia kabla ya mwenye nyumba.
Hakuna aliyeniuliza cheti.
Waliniuliza: fundi, unamaliza lini?
Nami nikajibu keshokutwa, kama mafundi wote.

Kisha serikali ikahamia kweli, na mafaili yake.
Zikaja tenda, zikaja fomu,
na kila fomu ina kisanduku kidogo: Leseni Na.
Kalamu yangu hufika hapo ikakauka.

Nikajiandikisha mtihani nikiwa na miaka arobaini na tisa.
Ada niliitoa kwenye pesa ya mabati.
Mke wangu alitazama juu, kwenye turubai,
akanyamaza kwa namna yake.

Sechelela, kidato cha tatu, akawa mwalimu wangu.
Jioni, sufuria ya mlenda katikati yetu,
madaftari yake yakinukia moshi.
"Baba, volti ni ampia mara omu."
Nikamwambia omu naijua sana,
ndiyo iliyonitupa kutoka ngazini kule Makole.
"Hiyo haikuwa omu, baba.
Omu ingekuonea huruma. Hiyo ilikuwa ampia."
Akacheka mpaka tonge likamponyoka.

Siku yenyewe, Novemba, upepo umeamka kabla yetu.
Ukumbi umejaa vijana wenye kalamu tatu tatu.
"Mbeleje, Amoni Chilongani, namba kumi na nne."
Mmoja akasimama kunipisha,
akidhani mimi ni msimamizi.

Vidole hivi humenya waya gizani, mvua ikinyesha,
testa mdomoni, mguu mmoja kwenye kenchi.
Asubuhi ile vilishindwa kuituliza kalamu ya mia tatu.
Nikaifuta mikono kwenye suruali, nikaanza.
Fyuzi, nikaandika. Swichi ya njia mbili, nikachora,
nikachora na taa yenyewe, ingawa hawakuiomba.

Halafu swali la kumi na saba:
Eleza kwa nini ukinzani wa ardhi huongezeka katika udongo mkavu,
na hatua ambazo fundi atachukua. Alama nane.

Nikatazama dirishani. Jibu lilikuwa nje,
linapeperushwa, linagonga vioo.
Nikaandika: achimbe zaidi. Aweke mkaa na chumvi.
Amwagie maji. Apime.
Kwenye "apime" mkono ukagoma.

Hombolo. Nyumba ya Mama Ndahani, mwaka wa ukame.
Fimbo ya ethi ilikwenda chini kama mkono, ikakuta mwamba.
Nilikuwa na haraka ya harusi mjini.
Nikachukua msumeno wa chuma,
nikaikata, nikafukia kichwa chake vizuri,
na kipande kilichobaki nikakiuza kwa mtu wa chuma chakavu.
Malipo nilipokea yote.
Mwaka uliofuata alinipigia: fundi, friji linaning'ata.
Nikamwambia, mama, vaa kandambili.

Vaa kandambili.
Nililisema hilo kwa sauti ya mtaalamu.

Zilibaki dakika arobaini. Sikumbuki nilichojibu
kuanzia la kumi na nane hadi mwisho.
Vijana walibaki barazani wakilinganisha majibu,
mmoja akiapa la tano lilikuwa mtego.
Mimi nilikwenda Majengo: mkaa debe moja,
chumvi ya mawe kilo nne, fimbo mpya, nzima.
Mita ya kupimia nikaazima kwa Nyemo, nikaacha simu yangu rehani.

"Mbukwa, mama."
"Mbukwa." Akanitazama miguuni, viatu vya mtihani,
kisha mtaimbo begani.
Yeye alikuwa amevaa kandambili. Miaka yote hii.
"Nasikia mnafanyishwa mitihani siku hizi. Umefaulu?"

"Majibu Januari," nikasema. "Zima swichi kubwa.
Halafu niazime ndoo, na unionyeshe
palipo na udongo laini."