Bei ya Mkwaruzo

Bwana Rasmussen amekuja na tochi ndogo, kitambaa laini,
na miwani ya kusomea juu ya miwani ya kuonea.
Anaipokea bunduki ya baba kama mkunga apokeavyo,
mkono mmoja chini ya kitako.

Nje ni Novemba. Theluji imefika dirishani,
Ziwa Kuu linanguruma nyuma ya misonobari.
Kahawa iko mezani. Hajaigusa.

"Nailoni," anasema, sauti ikishuka kama ya aingiaye kanisani.
"Rangi ya kahawia. Ya mwaka wa pili kutengenezwa.
Ingekuwa ya kijani, ningekulipa mara mbili."

Nailoni! Laiti baba angemsikia.
Siku alipoileta kutoka mjini
kambi nzima ya wakata miti ilicheka hadi ikakaa chini.
Eino Pelkonen aliuliza kama inapiga maji.
Bunduki ilikuwa ya mti wa jozi,
mti wenye mishipa, unaopakwa mafuta kila Jumamosi,
unaonukia tumbaku na babu.
Hii ya baba ilinukia ndoo mpya.

Kipya kinyemi, walisema, wakangoja kidonda.

Kidonda kikaja, ila kwa wenye jozi.
Wiki mbili za mvua, mbao zikavimba, zikasukuma mtutu,
risasi zikaenda zilikopenda.
Pelkonen alilenga kulungu akapata kibao cha barabara.
Baba hakusema neno. Hakuwa msemaji.
Aliweka paja zima mezani kwa Pelkonen
akaondoka kabla hajakaribishwa.

Hakuipaka mafuta, hakuifunika.
Ilianguka kutoka juu ya paa la sauna.
Ilivuka mto ikiwa kasia.
Alipovunjika kifundo ikawa mkongojo,
maili nne gizani,
nami dirishani na taa, nina miaka tisa.

Sasa tochi inatembea juu ya hayo yote.
"Hapa pana mkwaruzo." Dola arobaini zinaanguka.
"Hapa pameyeyuka." Jiko la kambini. Sitini.
Shavuni mwa kitako, kwa ncha ya kisu, A na K,
K yenyewe imepinda:
anafumba macho kama aliyejing'ata ulimi.
"Aa, mama. Bila hizi ingekuwa mara tatu."

Yeye anayo nyingine, ananiambia,
haijafyatuliwa hata mara moja,
imelala ndani ya boksi lake na karatasi ya maelekezo.
Anaitaja kama mtu amtajaye binti aliye mtawa.

Kizuri chajiuza, eti.
Hiki kilikuwa kibaya miaka sitini,
kikakaa kimya nyuma ya mlango
mpaka uzuri ukachoka kuzurura, ukakifuata.

Anaitikisa. Kitu kinagonga ndani.
Uso wake unashuka dola nyingine ishirini.

Naleta bisibisi. Skrubu mbili, zote kutu.
Ndani ya kitako ni uwazi, kama boga lililokauka,
na kutoka humo: njiti tatu za kiberiti zilizochovywa nta,
ndoana moja,
bonge la sukari ndani ya kipande cha gazeti.
Pembe zake nane bado kali.
Jeupe kama siku aliyoliweka.
Mto wote ule, na halikuingiwa na tone.

Bwana Rasmussen analitazama kwa miwani zote mbili.
"Haipunguzi bei," anasema mwishowe. "Wala haiongezi."
Anahesabu noti. Nazipokea.
Paa langu linavuja, na siyo la nailoni.

Namimina kahawa upya, yake na yangu.
Naliweka bonge katikati ya meno ya mbele
kama baba alivyofanya, kama wazee wa Kifini wa huku wote,
navuta uchungu kupitia humo.

Linachelewa kuyeyuka.
Mwanzoni lina ladha ya ndoo mpya.