Sura ya Nne

Kitabu kimefika Chake mwaka wa kumi na mbili
tangu tulipokaa barazani kwa Bi Mize, Kangagani,
mimi, yeye, na daktari wa vitabu, si wa sindano,
na kinasa sauti katikati yetu
kimefutwa vumbi kwa upindo wa kanga.

Kizito. Jalada gumu, rangi ya maji ya ukwaju.
Bei imeandikwa nyuma kwa fedha ya kwao;
nimeipigia hesabu kwa pishi za karafuu
nikaiacha njiani, ilipoanza kunitukana.

Siasa, utamaduni, vyombo vya habari na jamii:
vyote vinne vimo jaladani, vimepangwa kama sahani kabatini.
Nikafungua faharasa kumtafuta Bi Mize.
Mabavu, mamlaka, masafa, mlingoti, muungano.
Mize hamna.
Yumo chini kabisa, kwa herufi za sisimizi,
tanbihi ya thelathini na moja:
mhojiwa wa 17, mwanamke, mjane, mchuma karafuu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka skuli juzi,
Kiingereza changu bado kinanuka chaki.
Daktari aliuliza: na redio ya serikali?
Bi Mize akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa uani,
akasema, "Ile? Hatuisikii."

Nami mbio mbio, nataka nionekane najua,
nikamfasiria: haiwafiki masikioni.
Akaandika. Akapiga mstari chini yake. Mara mbili.

Jamani.
Mtoto asiyesikia hana ugonjwa wa masikio.
Kila mama wa Kangagani analijua hilo,
na mimi nimekula bakora za kutosha kwa kutosikia
huku nasikia kila neno.

Redio ya Bi Mize ilikuwa ya betri nne,
zikichoka akizianika juani pamoja na karafuu,
na ilivyokuwa ikinguruma, hata mbuzi wa jirani
aliijua saa ya taarifa.
Ikianza kusifu, Bi Mize aliifunika kawa
kama anavyofunika wali usiingie nzi.

Hayo kitabuni hamna.
Sura ya nne ina ramani,
ina vilima vilivyozuia mawimbi,
ina jedwali la milingoti na nguvu zake,
ina hoja, tena imesukwa vizuri kama mkeka wa harusi,
kwamba watu hawa walikaa kimya
kwa kuwa habari hazikuwafikia.
Tanbihi ile ndiyo nguzo.
Vitabu vitatu vingine vimeshaiegemea.

Nimekwenda kumsomea. Amezeeka, jicho la kushoto lina mtoto.
Nikamrudishia neno lake kutoka kule lilikokwenda,
polepole, safari hii.
"Ati sisi viziwi?"
Akacheka mpaka akashika ukuta.
Kisha hakucheka.
"Mie nilikataa, mwanangu. Wewe ukasema sikuweza."

Sikuwa na pa kutazama. Nikatazama kawa.
"Na wewe jina lako limo?"
Limo, kwenye shukrani: Ngwale, badala ya Ngwali.
"Dogo hilo," akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Nimempelekea daktari barua pepe.
Imejibu mashine: yuko safarini, anatafiti kisiwa chengine.

Basi jana nimeingia maktaba na penseli.
Msimamizi aliniona, akajifanya anapanga magazeti.
Pambizoni mwa ukurasa wa 143 nikaandika,
kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa mwalimu:
"Twaisikia vizuri sana. Hatuisikii."

Nikakirudisha rafuni.
Kadi yake ya kuazimia ina muhuri mmoja tu,
nao ni wangu.