Laki Nane na...

Walimshusha kwenye guta, saa tano, Jumamosi,
vumbi la mnada wa Msalato limemkaa hadi kwenye kope,
mdomo wazi kama lango la zizi lililosahauliwa.
Nikamuuliza jina. Akajibu, "Aaa."
Mkewe akamkopesha sauti:
"Ndahani Chilewa, dalali wa ng'ombe.
Alikuwa anapandisha bei ya fahali mwekundu,
akafika laki nane na,
basi, hiyo 'na' haijafunga mpaka sasa."

Mate yalidondoka juu ya shuka.
Machoni mwake niliona aibu ya mtu
ambaye kwa miaka thelathini amekula kwa mdomo
kwa maana zote mbili.

Nikamkalisha kwenye kiti kifupi, kisogo ukutani.
Nikavaa glavu, nikazungushia shashi vidole gumba,
na kwa kuwa siku hiyo hakuweza kunikatiza
nikamweleza.

Weka kidole mbele ya sikio, Mzee.
Hapo pana bonde. Ndimo kinamolala kichwa cha taya,
kifundo kisichozidi zabibu moja ya Hombolo,
na kati yake na fuvu kuna kisahani cha gegedu,
kama ngata wanayoweka wanawake chini ya ndoo
ili mzigo usiongee na mfupa.
Ukifungua mdomo, kifundo hakikai bondeni.
Kinatoka na ngata yake,
kinapanda kilima kidogo kilicho mbele,
kisha kinarudi.
Kila tonge, kila salamu, kila mwayo,
kinatoka, kinarudi.
Leo kimevuka kilima.
Kiko upande wa pili kama mbuzi aliyeruka boma
na sasa anaogopa boma lenyewe.

Wanaomzuia asirudi ni walinzi wake.
Gusa shavu: msuli huu mnene
ndio unaoibishia nyama ya mnadani.
Gusa panja: huu umetanda kama upepeo.
Miwili imejificha ndani, mimi mwenyewe niliiona
kwa marehemu tu, darasani,
na mmoja wao ndio uliolivuta taya mbele,
mpaka sasa haujaachia.
Yote minne inasikiliza waya mmoja,
tawi la tatu la mshipa wa fahamu wa tano,
linaloshuka kutoka fuvuni kwa tundu lenye umbo la yai.
Waya huo umeshikwa na hofu.
Unajua neno moja tu: kaza.
Msuli haubishiwi, Mzee.
Msuli unachoshwa.

Vidole gumba juu ya magego ya chini,
vingine vikikamata taya kwa nje.
Kwanza chini.
Chini tena, bila hasira.
Jasho langu, mate yake, nzi mmoja dirishani.
Mkewe akasimama, akaketi, akasimama.
Kisha nyuma.
Mikono ilijua kabla ya masikio:

ko.

Meno yakafunga ghafla, shashi ikaniokoa.
Alikaa kimya. Akameza.
Akajipapasa shavu kama anayemkagua ndama,
na polepole, kwa sauti ya mtu aliyetoka safari,
akasema, "Hamsini."

Mkewe alicheka mpaka nikamwamuru
ashike kidevu chake na yeye.

Nikamfunga bendeji toka kidevu hadi utosi.
Nikaandika: uji wa uwele, mlenda, wiki mbili.
Ubuyu hapana. Nyama choma hapana.
Mwayo ukija, uzuie kwa ngumi chini ya kidevu.
Mnada hapana, nikaandika, nikakata,
nikaandika tena: kwa vidole tu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kununua mbavu.
Alikuwa juu ya kreti, kichwa kimefungwa,
vidole vinane hewani, kisha kiganja kizima.
Fahali mwekundu anacheua, taya kushoto, taya kulia,
hana habari na mtu.
Na wanunuzi wote, wanaume wazima wenye fimbo,
sijui nani aliwaambia,
walikuwa wanapandisha bei kwa kunong'ona.