Hodi ya Bomba

Łódź, ghorofa ya tatu

Siku ya kumi na tisa ya kufungiwa
nililisalimu birika.
Sikuona ajabu. Liliitika kwa mvuke,
nami nikalimiminia maji mengine
ili mazungumzo yasikatike.

Mimi, Ireneusz, dereva wa tramu,
niliyewabeba watu miaka thelathini na moja
nikiwajua kwa kofia zao kwenye kioo kidogo,
sasa nilikuwa na abiria mmoja: koti la Danuta
nyuma ya mlango, mfukoni bado lina risiti
ya mkate na hamira.

Daktari alipiga simu. Sauti changa, imechoka.
Katika wiki mbili zilizopita, aliuliza,
ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo?
Sifuri, moja, mbili, au tatu?
Sifuri, nikasema.
Usingizi?
Sifuri.
Kwa ujumla hujambo?
Sijambo,
na jambo lenyewe limeketi kwenye kiti cha pili,
limekunja nne, linanitazama.

Usiku huo bomba la joto liligonga.
Si yale magugumio ya maji yakipanda,
hayo nayajua. Hii ilikuwa hodi:
ngo, ngo. Kimya. Ngo.
Hodi isiyo na mlango.
Utaliambiaje chuma karibu?
Nikachukua kijiko.
Ngo, ngo. Kimya. Ngo.

Tangu hapo saa tatu ya usiku ikapata mwenyewe.
Saa mbili na nusu nanyoa ndevu.
Chekeni. Nilinyoa ndevu kwa ajili ya bomba,
nikavaa shati lenye kola.

Juu yangu anaishi Bi Bogumiła Wrzos.
Hatujasemezana miaka tisa
kwa ajili ya maji yaliyovuja kutoka bafuni kwake
yakachora darini kwangu ramani ya nchi isiyokuwepo.
Chini kulikuwa na wanafunzi, walisharudi kwao.
Sikutaka kupiga hesabu. Ukijua ni nani
huna budi kuukumbuka ugomvi.

Kwa kijiko nilisema nisiyomwambia daktari.
Kwamba asubuhi hukaa ukingoni mwa kitanda,
soksi moja mkononi,
hadi mwanga uhame kutoka kabatini hadi mlangoni.
Kwamba dirisha la jikoni nimelifunga kwa waya
na sijajiambia kwa nini.
Yote hayo kwa ngo, ngo. Ngo.
Lugha ya neno moja, nalo lilitosha.

Tarehe nne Aprili hodi haikuja.
Saa tatu. Saa tatu na robo.
Taa ya buluu ilizunguka darini,
ikaipita ile ramani pwani hadi pwani,
na ngazini viatu vya plastiki vilishuka polepole
kama watu wanaobeba kabati la vyombo.
Niligonga hadi kijiko kikapinda.
Nikachukua kingine.

Usiku sita. Kola, kijiko, ngo.
Sikugonga nikitarajia;
niligonga kama mtu anayeacha taa ikiwaka.
Usiku wa saba, dhaifu, nje ya saa yake:
ngo.

Nilikaa sakafuni, shavu kwenye chuma.
Na lile la kiti cha pili likainuka kidogo.
Sisemi liliondoka.
Lilisogea tu, nikapata pa kuwekea miguu.

Mwezi wa Mei tulikutana kwenye masanduku ya barua.
Barakoa yake ilitariziwa cheri kwa mkono.
Amekonda. Anashika ukuta.
Tulitazamana muda wa vituo viwili vya tramu.
“Bwana Ireneusz,” akasema, “ile dari yako.”
“Ile dari yangu,” nikasema.
“Halikuwa bafu langu. Ni bomba la jengo.”
“Ni bafu lako, Bi Bogumiła, na rangi utalipa.”
Akacheka hadi akakohoa, akauegemea ukuta,
nami, mita mbili mbali, nikauegemea wa kwangu.

Kijiko hatukukitaja.

Joto limezimwa tangu wiki jana, bomba ni baridi.
Saa mbili na nusu. Nimeshanyoa.
Kesho nitampigia yule daktari
nibadilishe namba zangu.