Komeo

Thunder Bay, Oktoba, saa kumi na mbili asubuhi.
Eila abonyeza rimoti: mota yanguruma,
mlango wa gereji watikisika, haupandi.

Raimo wa jirani kaja na ngazi na kikohozi chake.
Kabadili betri. Kafuta jicho la kihisi,
kaimulika springi pingili kwa pingili: nzima.
Kapaka grisi relini, nusu mikononi.
“Mota imezeeka,” asema, “kama sisi.”

Ndipo Eila akamkumbuka dubu wa jana,
mfukua mapipa ya taka,
na mkono wake mwenyewe, gizani, ukisukuma komeo.

Akasubiri kikohozi kingine.
Akalivuta.
“Hebu jaribu tena.”

Mlango huo, juu!
“Si nilikwambia? Grisi!”

Eila akammiminia kahawa,
sukari vijiko vitatu,
kimya.