Kambare wa Mto Ng'ombe

Tulianza na godoro. Lilikuwa zito
kama mtu asiyetaka kuamka.
Kisha matairi saba, mlango wa jokofu,
na kandambili, zote za mguu wa kushoto,
Sihaba aliapa, ingawa hakuzihesabu.

Diwani alikuja, akapigwa picha,
akaondoka na buti za Chande miguuni.

Mimi nilichimba kimya.
Maana masika ya mwaka juzi, usiku,
ngurumo zikinisitiri,
ni mimi niliyetapisha choo humu humu
nikasema: mvua itabeba.
Mvua ilibeba.
Hadi mlangoni kwa Mwavua.

Tukapanda matete. Mbuzi wakayala.
Tukapanda tena.

Jumanne, chini ya kidaraja cha Tandale,
maji yakatikisika bila jiwe.
Sharubu kwanza.
Halafu kichwa bapa, cheusi:
kambare, hakualikwa na mtu.

Sihaba akanong'ona, "Nazi ninayo nyumbani."
Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeinama.
Tulisimama na makoleo yetu, matope magotini,
kama wapangaji waliorudiwa na mwenye nyumba
hawajamaliza kufagia.