Namna ya Kuiba Kivuli Chako Mwenyewe

Kwanza ujue hili: mlinzi wa Bohari ya Ushuru
hatazami watu. Anatazama ukuta.
Taa yake inamulika ukumbi usiku kucha
na chochote chenye mwili huandikwa pale,
kwa wino mweusi, mrefu, usiokanika.

Sisi hatukuwa na cha kuandikwa.

Bachuki walimnyang'anya chake akiwa na miaka tisa,
kwa deni la baba yake, magunia mawili ya chumvi.
Shushan, binti wa fundi kufuli, alikatwa chake
siku aliyofungua mlango wa hakimu kwa pini ya nywele.
Kwa mchezo tu, anaapa. Namwamini nusu.
Tedore aliimba kanisani mpaka sauti ikampasuka.
Na mimi, Pirimze, niliuza changu mwenyewe
nimnunulie mama dawa. Mama akafa Alhamisi.
Risiti ninayo bado.

Huku Tbilisi asiye na kivuli haingii kwa mwokaji.
Hutupiwa mkate dirishani kama mbwa,
na mbwa, angalau, ana mbwa mweusi wa kutembea naye.
Tulilala nyuma ya hamamu za kiberiti
ambako mawe yana joto na hewa inanuka mayai viza.
Hapo Shushan alichora mpango kwa mkaa
kwenye mgongo wa Bachuki, maana karatasi hatuna
na yeye ana mgongo mpana.
Alicheka kila mkaa ulipopita mbavuni,
ndiyo maana katika ramani yetu mto Mtkvari
umepinda mahali usipopinda.

Tuliingia kwa bomba la maji machafu, saa nane usiku.
Tukapita mbele ya taa, wanne, tumeshikana mikono,
na ukuta ukabaki mweupe kama maziwa.
Mlinzi akapiga mwayo. Akabangua jozi, akala.

Kufuli la tatu lilimgomea Shushan.
Akalilamba. (Sijui kwa nini. Lilifunguka.)

Ndani: vivuli maelfu, vimekunjwa kama mablanketi,
vimefungwa kwa kamba ya katani, vina namba, havina majina.
Tukatafuta kwa kupapasa.
Changu nilikijua kwa bega,
la kushoto, lililoinama kwa ndoo za maji.
Kilikuwa baridi. Kilikuwa kidogo.
Kilikuwa cha msichana wa miaka kumi na miwili
na mimi sasa nina kumi na saba.

"Msivivae," Shushan akanong'ona. "Bebeni tu, hadi ng'ambo ya daraja."
Lakini mtu aliyeshinda na njaa miaka minne
humwambii asubiri chakula kipoe.
Tedore alikivaa katikati ya ukumbi,
na ukuta ukamwandika.

Kengele. Mbwa. Jozi zikibiringika sakafuni.

Sikufikiri. Ukiambiwa shujaa alifikiri, umedanganywa.
Nilikifungua changu, nikakikung'uta kama mkeka,
nikakisukumia ukutani peke yake:
kimbia.
Akakimbia, yule msichana mweusi, bapa,
akapenya dirishani, akapanda vigae, akashuka mtoni,
na walinzi wote kumi na mmoja nyuma yake
wakizipiga kuta marungu.
Sisi tukatokea mlango wa mbele.

Siku hizi kivuli cha Bachuki kinamfika magotini,
na watoto humfuata mtaani wakicheka.
Tedore huingia kwa mwokaji, hununua mikate minne.
Jua likiwa kali wananiweka katikati yao.
Wahenga walisema kivuli cha fimbo hakimfichi mtu jua.
Hivi vitatu navyo havinifichi. Vinajaribu.

Changu hawajakikamata.
Jana usiku nilimwona kwenye ukuta wa ngome,
ameketi, miguu inaning'inia,
na juu ya ukuta hakuna mtu aliyeketi.
Nikainua mkono wa kulia.
Alikawia, kama anayewaza anijibu au aache.
Kisha akainua wa kushoto.